Karatasi Niliyopanda Nayo Mgeta

Jambo hili nimelikalia zaidi ya mwaka, na ningeendelea kulikalia kama si siku ile nilipomsikia muuza karoti wa sokoni Morogoro Mjini, mtu ambaye hata sijawahi kununua karoti zake, akimsimulia mteja wake habari za "yule mwanamke wa mafaili aliyemuumbua mama yake kule Mgeta". Nikasema basi, bora nisimulie mwenyewe. Nina aibu, na naisema mapema ili tusikatishane njiani.

Mimi naitwa Skola, na ni mtu wa masjala. Miaka ishirini na moja nimekaa chumba cha mafaili katika ofisi moja hapa mjini (ofisi gani, hilo halina faida kwenu), na kazi yangu kubwa ni kuwaambia watu walete karatasi. Mtu akija na maelezo namwambia lete karatasi, akilia namwambia pole lakini lete karatasi, na kuna mzee mmoja alinijibu kwamba siku nikifika mbinguni Petro naye ataniambia hivyo hivyo, nikacheka, nikamwambia nitakuwa nayo. Ndivyo nilivyokuwa. Jambo lisiloandikwa kwangu mimi lilikuwa halijatokea.

Sasa kwa wale msiotoka Uluguru lazima niwaeleze kidogo, la sivyo mtaona nalilia kitu kidogo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anakupa mengi, anakusomesha na anakupa jina la pili la kwenye cheti, lakini ukoo, wenyewe tunaita lukolo, unaupata tumboni mwa mama, na shamba linakuja kwa njia hiyo hiyo. Na jingine ni kwamba jina la mtu mkubwa wa ukoo haliendi kaburini. Akifa, msiba ukishamalizwa, ukoo unamkalisha mtu mwingine, anavishwa nguo, anapewa lile jina, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu, kwa heshima na kwa kila kitu. Watoto wa marehemu wanakuwa watoto wake.

Ukoo wetu (siutaji, nimeshautaja vya kutosha siku ile) una jina la mama mkubwa, nalo ni Mkunde. Mkunde wa kwanza alikuwepo tangu enzi mapadre wanaanza kupanda mlima, na jina likatembea likatembea mpaka kwa Bibi Mkunde niliyemjua mimi, aliyefariki akiwa amezeeka hata macho yamekwisha. Miaka yake sita ya mwisho aliyemuuguza ni mama yangu. Mama alimgeuza kitandani, akamlisha uji, akamfulia, na asubuhi akishuka makonde kupalilia njegere alikuwa anarudi mara mbili mlima mzima kumtazama. Kwa hiyo Bibi alipofariki wazee hawakuumiza vichwa. Mjomba Beatus, mtoto wa marehemu na ndiye mkuu wa ukoo wetu, alimwambia mama kabla hata ya arobaini, "Dada, jina lako hilo." Yamekwisha. Kilichobaki ilikuwa kungoja mwaka upite, siku ya kumaliza msiba ifike, litangazwe.

Hapo mtu mwenye akili angenunua mchele akasubiri. Mimi nikaona kuna upungufu, hakuna karatasi.

Mchana mmoja ofisini, sina kazi, nikakutana na mtandao wa bure ambao watu wanatafutia nasaba zao, na humo kuna picha za vitabu vya zamani vya ubatizo vya parokia nyingi, ukurasa kwa ukurasa, mtu yeyote anafungua. Nikajaribu, na nikakuta vitabu vya milimani kwetu. Nilipiga ishara ya msalaba, sisemi uongo, maana kwa mtu wa masjala kukuta faili la zaidi ya miaka mia moja halijaliwa na mchwa ni jambo la kumshukuru Mungu. Nikaanza kumtafuta Anastazia, bibi yake mama, aliyemzaa mama wa mama. Sisi wote wa nyumba yetu tumetoka kwake, na tulikuwa tunaambiwa Anastazia ni binti wa Mkunde wa kwanza. Basi, nikipata ubatizo wake umeandikwa binti wa Mkunde, mama anakalia jina lake akiwa na ushahidi, na hakuna mtu wa kuja kusema neno kesho. (Hakuna aliyekuwa na mpango wa kusema neno. Hilo nalijua sasa.)

Wiki tatu nilisoma mwandiko wa mapadre, mwembamba umelala upande kama majani yaliyopigwa na upepo, mpaka nikampata. Maandishi yote yalikuwa Kilatini, sikujua hata moja, lakini majina ni majina. Nilisoma Anastazia, nikasoma jina la kijiji chetu, na pembeni ya ukurasa, kwenye maelezo marefu kidogo ya mistari minne, nikasoma Mkunde. Nikafunga mlango wa masjala nikacheza peke yangu.

Nikampigia mama. "Mama, nimempata Anastazia."

Akauliza, "Umempata wapi?"

"Kwenye mtandao. Kitabu cha ubatizo. Kaandikwa yeye, na Mkunde pia kaandikwa."

"Nani kawapeleka huko?"

"Mama, wameweka wenye vitabu, dunia nzima inaona. Nakuja nayo siku ya shughuli."

Akasema taratibu, "Skola, wewe njoo na mchele. Hiyo karatasi iache." Nikamwambia usiogope, mama, haidhuru kitu, ni picha tu. Nilidhani anaogopa mambo ya simu. Mama yangu hata meseji ya kawaida humwomba jirani amsomee, nikasema huyu hajui thamani ya kitu.

Uamuzi ulikuwa huo tu, kubeba karatasi. Lakini ukishaamua kubeba karatasi huwezi kuibeba ikiwa ndogo, kwa hiyo nikaichapisha kubwa, upana wa meza. Ukishaichapisha kubwa unaitaka na fremu, na ukishapata fremu unaona yale maelezo ya pembeni hayaonekani vizuri, nikayapaka rangi ya njano ili hata mtu wa nyuma ajue jambo lenyewe liko wapi. Kisha nikachora mti wa ukoo, juu kabisa Mkunde, chini yake Anastazia na wenzake, matawi mpaka kwetu, nikauchapisha mgongoni kwenye fulana arobaini za bluu. Fremu niliipandisha Mgeta kwa lori la mboga lililokuwa linarudi na matenga matupu, nikaishika njia nzima kwenye zile kona, dereva akaniuliza ni picha ya marehemu, nikamjibu ni zaidi ya hiyo.

Siku yenyewe kulikuwa na ukungu na baridi ya kwetu ile. Misa ilisomwa asubuhi, padre akaenda zake, watu wakakaa chini ya turubai uwanjani kwa marehemu. Ukoo wote ulikuwepo, na watani wetu walikuwepo, maana shughuli ya namna hiyo bila watani haifanyiki. Wao ndio wenye ruhusa ya kusema chochote, wanamwiga marehemu alivyokuwa anatembea, wanaficha sufuria, wanawatukana wafiwa na wafiwa wanacheka. Na mtani akishasikia kitu hadharani kinakuwa chake, atakisema popote apendapo, huwezi kumnyamazisha. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Siku ile ndiyo nililisahau.

Fulana niligawa mwenyewe. Watu wakavaa kwa furaha, hata Mjomba Beatus alivaa yake juu ya shati la kanisani. Felista alivaa. Felista ni mjukuu wa marehemu, mpwa wake Mjomba Beatus, tumesoma naye darasa moja, alikuwa ananiazima kalamu na sikuwa narudisha. Mama peke yake hakuvaa. Alisema baridi, akaikunja akaikalia.

Ikafika saa yenyewe. Mama akakalishwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kichwa ameinamisha. Mjomba Beatus akasimama na ile nguo ya kumvisha ameishika kwa mikono miwili, ameshaikunjua, bado kuiweka mabegani tu. Na mimi, watu wa Mungu, nikanyoosha mkono kama mwanafunzi nikasema naomba dakika tano.

Mjomba akaniangalia, akasema, "Mwanangu, si baadaye?"

Nikasema hapana, hili linatakiwa kutangulia. Nikaingia ndani nikatoka na fremu, nikaiegesha kwenye kiti mbele ya watu wote, nikahutubia. Nilisema kwamba ukoo wetu umetoka kwenye maneno ya mdomo umeingia kwenye kumbukumbu. Nilisema kuna koo za watu zinadai tu, sisi tuna karatasi. Nilipigiwa makofi, na makofi ni kitu kibaya sana kwa mtu kama mimi. Nikatazama nani atasoma Kilatini, nikamwona Mzee Alfonsi, katekista mstaafu, ambaye ujanani alikaa seminari miaka mingi kabla hajaamua kuoa. Nikamwita.

Akaja, akavaa miwani, akainama. Alianza pale juu, akasema amebatizwa siku ya Jumapili, jina Anastazia, msichana wa kijiji hiki. Watu wakashangilia. Akashuka kwenye ile njano. Akasoma kimya, nikaona midomo inakwenda, halafu ikasimama. Akavua miwani akaifuta kwa koti.

"Mwandiko umefifia hapa, mwanangu," akasema. "Tuishie hapa, inatosha. Mjomba aendelee."

Sasa nisikilizeni ujinga wangu. Mzee wa watu alikuwa ananifungulia mlango nitoke, mlango mpana kabisa, na mimi nikausukuma ukafungwa. Nikamwambia kwa sauti watu wote wasikie, "Haujafifia, Mzee Alfonsi, mimi mwenyewe nauona, na jina la Mkunde hili hapa. Soma tu, usiwanyime watu haki yao." Watani wakaanza kumzomea kwa utani, soma mzee, au seminari ulikuwa unalima tu. Akamtazama mama pale kwenye mkeka. Mama hakuinua kichwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Skola, kitabu cha kanisa siwezi kukisoma kwa uongo. Nikisoma, nitasoma kilichoandikwa." Nikamwambia ndicho tunachotaka.

Basi akasoma. Alisoma taratibu, anatafsiri neno kwa neno, na mimi maneno yale nayajua kwa moyo mpaka leo. Msichana huyu ana miaka kama sita. Baba hajulikani, mama hajulikani, kabila halijulikani. Aliachwa kijijini hapa na watu waliokuwa wanapita wakati wa njaa, wakachukua pakacha la mahindi wakaenda. Amelelewa na mwanamke aitwaye Mkunde, ambaye ndiye aliyemleta kubatizwa.

Nilisikia turubai linapigwapigwa na upepo. Akili yangu ilichelewa, nakiri, mwanzoni nilikuwa bado nimetabasamu kwa sababu nilisikia Mkunde, halafu kile kingine kikaja nyuma yake kikaniingia. Pakacha la mahindi. Bibi yake mama yangu. Kama mama yake Anastazia hajulikani, basi bibi hana ukoo huu, mama hana, mimi sina, na watoto wangu hawana, na aliyeleta habari hiyo kwa gari, kwa fremu, kwa rangi ya njano, ni mimi. Nikakaa chini kwenye udongo na gauni langu jeupe.

Nikamtazama mtani aliyekuwa mbele, mwanamke mmoja mnene ambaye toka asubuhi alikuwa anamwiga marehemu na kutuvunja mbavu. Nilitaka aseme kitu. Nilitaka atutukane, aseme kumbe nyie ni mahindi, watu wacheke, jambo ligeuke utani liishe. Hakusema. Alishika kidevu akatazama pembeni, na mtani wa Kiluguru akishindwa kutania, hapo hakuna wa kukuokoa tena.

Kisha nikaona jambo ambalo ndilo linanirudia usingizini. Mzee mmoja wa ukoo aliinuka polepole, akavua fulana ya bluu, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena. Na wa pili yake. Hakuna aliyenitazama kwa ubaya, waligeuza tu mmoja mmoja, mpaka ule mti wangu ukapotea uwanja mzima.

Mjomba Beatus bado alikuwa ameshika nguo. Nilimwona anataka kuiweka mabegani kwa mama, naapa nilimwona, mikono ilikwenda mbele kidogo. Halafu akatazama walipokaa watani akairudisha. Akasema, "Wazee, twendeni nyuma ya nyumba." Nikamkimbilia, nikamshika mkono, nikamwambia Mjomba, naomba, mama kamuuguza mama yako miaka sita.

"Najua," akasema. "Na ya Anastazia tulikuwa tunayajua, mimi na wazee wote hawa. Kujua hakukuwa na shida yoyote, mwanangu, tulijua na bado tulimpa. Lakini jina la Mkunde linabebwa na aliyetoka tumboni kwa Mkunde, ndiyo mila. Lisiposemwa, hakuna anayeuliza. Wewe umeshasema, na wenye midomo yao wamekaa pale mbele. Nikimvisha sasa, kesho jina lenyewe litakuwa mzaha."

Walikaa huko muda mrefu. Waliporudi, Mjomba alimwinua mama kwenye mkeka kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia dada samahani, akamwita Felista. Felista akakataa. Alilia, akashika nguzo ya turubai, akasema si haki, na shangazi wawili wakamtoa pale nguzoni wakamkalisha. Akavishwa nguo ile huku analia, na vigelegele vilivyopigwa vilikuwa vichache, vya kumaliza shughuli.

Mama alikwenda nyumbani mapema. Nilimkuta jikoni anamenya njegere, za kwenye gunia la sokoni, kama siku yoyote. Nikapiga magoti mlangoni nikaomba msamaha, nikalia, nikasema mama sikujua, hukuniambia. Akaendelea kumenya mpaka nikanyamaza.

"Anastazia aliniambia mwenyewe," akasema. "Nilikuwa mtoto, nalala naye. Kwao hakukumbuka kitu. Alikumbuka mkono wa mama yake unamsukuma mgongoni, nenda, basi. Mpaka anakufa alikuwa anasema anausikia. Alilia siku nyingi. Mkunde akambeba akazunguka naye nyumba hadi nyumba, kila mlango anawaambia, huyu nimemzaa mimi. Watu walikuwa wanajua hakuzaa. Wakaitikia."

Akatupa maganda kwenye ungo.

"Jina sijalilia, Skola. Nina miaka sabini na moja, nilibebe niende nalo wapi. Lakini yule mama alisema neno lake moja, na kijiji kizima kikalishika mpaka wote wamekufa, na watoto wao wakalishika. Leo umemfanya mwongo mbele za watu."

Ningepigwa ingekuwa nafuu.

Hatukufukuzwa, msidhani. Mjomba alitamka siku ile ile kwamba makonde ya mama ni ya mama na ya sisi wanawe, na hakuna aliyepinga. Mama analima kabichi zake, jumuiya anakwenda, watu wanamsalimia. Mimi nimerudi masjala, na mtu akija hana karatasi, siku hizi namwambia kaa kwanza, nieleze (wenzangu wanadhani nimeokoka). Ule mtandao sijaufungua tena wala sitaufungua, na mwanangu mkubwa alipokuja na habari za kupima damu ajue asili yake, nilimwambia asili yake ni kwa Anastazia, aliyezaliwa na Mkunde, na akitaka kubishana na hilo ahame nyumbani kwangu.

Pasaka iliyopita nilipanda kumsalimia mama, na jioni akaniambia twende tukamsalimie Bibi. Kwa sekunde moja nilidhani marehemu, kaburini. Akajitanda khanga, tukapanda mpaka kwenye ile nyumba, na Felista alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchicha, Felista wangu wa kalamu. Alipotuona akasimama, akataka kukimbilia ndani. Mama akamwambia kaa, kaa vizuri. Halafu mama yangu akashika ukuta, akashusha goti moja, kisha la pili, magoti yale yanayomsumbua, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo Bibi Mkunde."

Felista akanitazama mimi, machozi yamemjaa. Mama akabaki pale chini anangoja kuitikiwa, na mimi nikapiga magoti nyuma yake.